Kuhusu ile picha mnayosema nakula bata

Wadogo zangu, na nyie watoto wa kaka zangu mliokua nikiwa sipo,

Picha nimeiona. Wiki iliyopita mmoja wenu kaifukua, ile ya Mei mwaka jana, 2020, nimesimama kando ya kijito, miti nyuma yangu, darubini shingoni, meno yote nje. Akaitupia kwenye kundi la ukoo na kuandika: "Shangazi anakula bata Unyamwezini. Serikali inawalipa wakae nyumbani, wao wanakwenda pikiniki. Sisi huku vyuma vimekaza." Wengine mkacheka. Mmoja akanifuata pembeni, akaniuliza kwa heshima zote kama ni kweli kila mtu huku Marekani kapewa maelfu ya dola kwa sababu ya korona, na kama ni kweli, kwa nini kwenye msiba wa mjomba nilituma dola 700 tu.

Hilo "tu" nimelala nalo siku nne. Leo mzee kalala mapema, nina kama saa mbili, nawajibu wote kwa pamoja. Nitasema na yasiyopendeza, maana nimechoka kuyameza, na nyie mmeshakuwa watu wazima.

Baridi, upweke, kodi ya nyumba, hayo mmeshayasikia kwa kila aliyewahi kupanda ndege. Siyarudii. Nataka kuzungumzia kutoka nje tu. Kufungua mlango, kwenda kutembea, kurudi.

Picha ile nilipigwa nikiwa kazini. Ikuzeni, mtazame chini, karibu na miguu yangu. Kuna kivuli kirefu kimelala kwenye lami, cha kitu chenye magurudumu mawili makubwa. Ni kiti cha wagonjwa. Aliyekaa ndani yake ndiye aliyeshika simu: mzee ninayemlea, wakati ule ana miaka 86, kiharusi kimemwacha na miguu isiyombeba na mikono inayotetemeka. Alibonyeza mara kumi na moja ndipo picha moja ikatulia. Baada ya hapo nilimfuta mate, nikamfunika blanketi, nikamsukuma hadi kwenye gari, kwa sababu nepi yake ilikuwa imeshajaa na mimi ndiye wa kuibadilisha. Hiyo ndiyo pikiniki.

Nyie huita kazi za huku kubeba boksi. Kwa wanawake wengi tuliotoka kwetu, boksi ni mwili wa mtu. Namwosha, namvalisha, namlisha, namgeuza usiku mara mbili asipate vidonda vya kitanda. Nimemlea tangu 2017. Simwonei haya. Haya ninayoiona ni kwamba miaka yote hii niliwaambia "nafanya kazi ya afya", nikawaacha mdhani ni nesi.

Korona ilipoingia, Machi 2020, watoto wake walinipigia simu. Wakasema nikitoka kwao nikapanda basi, nikalala kwangu kwenye nyumba ya wapangaji saba, nitamletea baba yao ugonjwa. Kwa hiyo nihamie. Nilihamia tarehe 22 Machi na begi moja, nikijua ni wiki mbili. Nikakaa wiki 14. Chumba changu, kule Langley Park, jimbo la Maryland, jirani na Washington anakoishi mzee, niliendelea kukilipia dola 600 kila mwezi, kitanda kimetandikwa, hakuna wa kukilalia. Wanangu wa kuzaa sina, lakini nilikuwa na mimea miwili dirishani, ilikauka yote.

Malipo yalikuwa dola 160 kwa siku. Najua mnazidisha kwa 2,300, mnaona laki tatu na sitini na nane elfu kwa siku, mnasema shangazi ni tajiri. Mimi naigawa kwa saa 24, kwa sababu usiku pia naamshwa. Inakuja dola 6 na senti 67 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara hapa Washington wakati huo kilikuwa dola 14, na Julai mosi kikapanda kuwa 15. Kwa nini sikudai haki yangu? Kwa sababu ileile iliyofanya nisipate hizo pesa za serikali mnazozisikia.

Pesa zilikuwepo, hamkudanganywa. Watu wazima wengi walipata dola 1,200 kuanzia Aprili 2020, zikaja 600 mwishoni mwa mwaka, na Machi mwaka huu wa 2021 zikaja 1,400. Waliopoteza kazi waliongezewa 600 kila wiki hadi mwisho wa Julai. Lakini hundi hizo zilikwenda kwa mwenye namba ya usalama wa jamii inayomruhusu kufanya kazi. Mimi sina. Nalipa kodi kila mwaka kwa namba nyingine wanayotupa sisi tusio na hadhi ya ukaazi, nalipa kwa wakati, risiti ninazo. Hundi sikuiona hata moja.

Sina makaratasi. Ndiyo, nimeandika. Mama anajua, kaka mkubwa anajua, sasa na nyie mnajua. Nilikuja Mei 2004 kwa viza ya matembezi, uwanjani wakanipa miezi sita. Mwezi wa sita ulipofika nilikuwa nimeshaahidi bati za nyumba ya mama na ada ya watoto watatu, na mmoja wa hao watatu ndiye aliyeitupia picha kundini. Nikajiambia mwaka mmoja zaidi. Sheria ya hapa ni hii, na ishikeni vizuri: ukikaa zaidi ya siku 180 baada ya muda wako kuisha kisha ukatoka, unafungiwa miaka 3 kurudi. Ukizidisha mwaka mmoja, unafungiwa miaka 10. Kwa hiyo hakuna anayenishika nisiondoke. Mlango wa kutoka uko wazi kabisa. Ni kwamba nikiupita tu, unafungwa nyuma yangu, na pamoja nao dawa za presha za mama, na ada.

Sasa turudi msituni.

Wiki za kwanza hatukutoka kabisa. Machi ile maua ya micheri ya Washington yalichanua kama kawaida yake, watu wakajazana, serikali ikafunga barabara na hata vituo vya treni vya karibu ili wasiende. Sisi tuliyaona kwenye televisheni, maili chache kutoka tulipokaa. Mzee akaanza kukataa chakula. Anakaa dirishani, haongei. Ni mtu aliyetazama ndege maisha yake yote, ana madaftari kabatini, tarehe na majina tu, tangu miaka ya sitini.

Aprili 11 wakafunga Beach Drive. Ni barabara inayopita katikati ya hifadhi ya Rock Creek, msitu mkubwa ndani ya mji mkuu wenyewe, ulitengwa na Bunge lao tangu 1890. Zamani walikuwa wanazuia magari Jumamosi na Jumapili tu; kwa ajili ya korona wakazuia siku zote, ili watu wapate pa kutembea bila kubanana. Nyie mnaosukuma mikokoteni mnajua lami tupu ina maana gani kwa mwenye magurudumu. Nikaanza kumpeleka kila jioni. Anakula saa kumi na moja na nusu, namwingiza garini, saa kumi na mbili na nusu tuko kijitoni, tunarudi giza likianza, kama saa mbili.

Alinivisha darubini ya marehemu mkewe. Akanifundisha. Kadinali, mwekundu kama pilipili iliyoiva. Korongo wa bluu, anasimama majini nusu saa nzima hajatikisa hata shingo. Kuna mmoja mdogo wa kahawia, hajionyeshi, lakini akiimba jioni ni kama mtu anapuliza filimbi mbili kwa pamoja. Huyo ndiye ndege rasmi wa Washington. Nilipoanza kufurahi nilimwambia majina ya ndege wa kwetu Muheza, yeye akayaandika kwenye daftari kwa mkono wake unaotetemeka. Barakoa tulikuwa tunaishusha hapo tu, kwa sababu hapakuwa na mtu. Ndani ya nyumba niliivaa mpaka masikio yakachubuka.

Kwa hiyo nikiwaambia kwamba tabasamu la picha ile ni la kweli, niaminini. Nilifurahi. Wazee walikuwa wanakufa kwenye nyumba za kulelea wazee bila hata mtoto mmoja kuruhusiwa kuingia, rafiki yangu wa Nyeri aliyekuwa akifanya kazi katika moja ya nyumba hizo alikuwa ananipigia usiku analia, na mimi nilikuwa nafurahi kandokando ya maji. Mpaka leo sijui niliweke wapi hilo.

Mei 25 yakatokea mambo mawili siku moja. Moja mnalijua: Minneapolis, polisi alimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti zaidi ya dakika tisa mpaka akafa. La pili huenda halikuwafikia. Asubuhi ile New York, ndani ya Central Park, mtu mweusi anaitwa Christian Cooper alikuwa anatazama ndege na darubini yake. Akamwomba mwanamke mmoja mzungu amfunge mbwa wake kamba, kwa sababu sehemu ile ndiyo sheria. Mwanamke akapiga simu polisi, akasema kuna mwanamume mweusi anamtishia maisha. Ikarekodiwa yote.

Mzee hakuliona. Mimi niliiangalia video ile jikoni, mara tatu, nikaitazama darubini iliyoning'inia kwenye msumari.

Maana lilikuwa limeshanipata, ila bila kelele. Kama wiki moja kabla, tuko barabarani, mwanamke mmoja anakimbia mazoezi akatupita, akasimama, akarudi. Hakuniangalia. Aliinama kwa mzee akamuuliza: "Bwana, uko salama? Unamjua huyu?" Mzee masikio yake ni mazito. Akafurahi kuulizwa, akanyoosha kidole majini: "Korongo. Yule pale." Mwanamke akatutazama kidogo, akaenda zake. Kinachoniuma si swali lake. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshatabasamu kabla hajamaliza kuuliza. Lilikuja lenyewe, tabasamu la mtu anayeonyesha mikono mitupu. Miaka 16 ya kufanya hivyo ilikuwa imeufundisha uso wangu bila kuniomba ruhusa.

Juni mosi, Jumatatu, tulikuwa na zamu yetu ya jioni kama kawaida. Mchana meya akatangaza amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni. Jana yake ilikuwa saa tano usiku. Nyumba ya mzee iko kando ya barabara ya 16, upande wa kaskazini, na barabara hiyohiyo ukishuka nayo moja kwa moja unafika Ikulu ya Marekani. Huko chini, kabla hata saa moja haijafika, waandamanaji wanaolalamikia kifo cha Floyd walifukuzwa kwa moshi na ngao pale Lafayette Square, uwanja ulio mbele ya Ikulu, kisha Rais Trump akatembea kwenda kupigwa picha mbele ya kanisa ameshika Biblia. Usiku helikopta za jeshi zikashuka chini juu ya vichwa vya watu. Sisi tulizisikia tu. Mzee, asiyesikia nikimwita, alizisikia.

Wahudumu kama mimi amri ile haikutuhusu, ungeweza kutoka. Lakini utoke na nini mkononi? Nina leseni ya udereva ya Maryland. Jimbo lile tangu 2014 linatoa leseni hata kwa asiye na makaratasi, na nalishukuru. Leseni yangu imeandikwa juu yake, kwa herufi za kuonekana, kwamba haikubaliki kwa shughuli za serikali kuu. Na Rock Creek ni ardhi ya serikali kuu. Polisi wake ni wa serikali kuu. Wiki ile hata askari wa forodha na mipaka waliletwa Washington kuongeza nguvu, wale ambao kazi yao ni kuwatafuta watu kama mimi. Wakili pengine angeniambia hakuna sheria inayonizuia kutembea msituni. Sikuwa na wakili. Nilikuwa na kadi yenye maandishi na mzee anayeniuliza kila jioni mbona hatwendi.

Nilimdanganya kwamba mvua inakuja. Jumatatu mvua, Jumanne mvua, Jumatano mvua, na nje jua kali. Siku ya nne akaniambia taratibu, "Unaogopa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi twende asubuhi." Hatukuzungumza zaidi. Tangu siku hiyo tulikuwa tunakwenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado uko juu ya maji, na kusema kweli ndege wa asubuhi ni wengi zaidi.

Ijumaa ile, Juni 5, mji ukaandika Black Lives Matter, yaani maisha ya watu weusi yana thamani, kwa rangi ya njano barabarani, kwenye 16 hiyohiyo, herufi kubwa kuliko magari. Nilikwenda kuziona Agosti, nilipoanza kupewa siku mbili za kupumzika. Nilisimama pembeni dakika tano. Sikupiga picha.

Na nyie huko? Mwezi ule wa Juni hayati Rais Magufuli alitangaza kwamba korona imeondoka kwa maombi. Takwimu zilikuwa zimeshaachwa kutolewa tangu Mei mwanzoni, wagonjwa 509, vifo 21, zikabaki hapohapo. Mkanitumia picha za harusi, watu mia tatu ukumbini. Mimi nikawatumia maneno: vaeni barakoa, msisogeleane. Mmoja akanijibu kwamba nimeshakuwa beberu. Nikanyamaza. Nani ataniamini, mimi niliyekimbia? Nikawa nawaonea wivu harusi zenu, nawaogopea, nawakasirikia, vyote kwa siku moja.

Oktoba 28 mkapiga kura, WhatsApp ikagoma. Ujumbe wangu kwa mama ulibaki na tiki moja. Nilikuwa naulisha mdomo wa mzee uji huku naitazama ile tiki. Nilipompata kwa simu ya kawaida alisema yuko salama, anamenya machungwa.

Kisha Januari 6, 2021. Mnakumbuka mlivyonitumia video mkiuliza kama ni kweli au ni filamu, wafuasi wa Trump wanapanda kuta za jengo la Bunge. Ilikuwa kweli. Meya akatangaza tena amri, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mzee alifanya kazi serikalini miaka 31. Aliangalia televisheni mpaka mikono ikazidi kutetemeka, nikaizima. Akasema anataka nje. Nikamtoa barazani, baridi inakata, nikamvika mablanketi mawili, tukakaa tunasikiliza ving'ora. Akaniuliza, kwenu mambo haya hutokea? Nikamwambia kwetu hutokea kwa namna nyingine, kimyakimya. Akafikiri muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimemtilia bundi wake chakula. Hatujawahi kuwa na bundi. Tangu siku ile akili yake inakuja na kuondoka. Wakati wa kuapishwa Rais Biden walileta wanajeshi zaidi ya 20,000 na kuzungushia uzio katikati ya mji. Sisi tulibaki na kijito chetu cha asubuhi.

Sasa hizo dola 700.

Mjomba alifariki Februari. Mlinipigia mkasema changamoto ya upumuaji. Sikuuliza zaidi, wakati ule kila msiba uliokuja kwenye simu yangu kutoka kwetu ulikuwa na maneno hayohayo. Huyu ndiye aliyenipakia kwenye basi la kwenda Dar es Salaam mwaka ule wa 2004, akanifungia mkate na mayai kwenye gazeti. Dola 700 ni shilingi milioni moja na laki sita. Nilikuwa na 740 benki. Nilibakisha 40 za nauli. Hamkujua, na nyie mngejuaje, ikiwa miaka yote nawatumia picha za miti?

Kosa hilo ni langu. Nimelikubali.

Mnaniuliza mje au msije. Msije. Mtoto wa kaka, wewe mwenye duka la simu, usiuze duka. Usiuze shamba la bibi kwa ajili ya viza ya matembezi, wala usimpe pesa yule wakala anayesema ana mtu ubalozini. Bahati nasibu ya viza, ile ya kupata ukaazi wa huku, kwa mwaka huu wa 2021 kujaza ni bure, kwenye intaneti, na miaka hii imekuwa ikifunguliwa karibu Oktoba. Jaza mwenyewe, soma mara mbili jina na tarehe ya kuzaliwa, tunza namba watakayokupa. Watanzania tulifungiwa bahati nasibu hiyo Februari 2020, na siku ya kwanza ya Biden, Januari 20, zuio likaondolewa. Kwa hiyo jaza. Ndiyo, nimesema usije, na nasema jaza. Ukishinda njoo, njoo haraka, nitakupokea, kitanda nitakupa changu. Aliyekuja na karatasi na aliyekuja bila karatasi wanaishi nchi mbili tofauti kwenye mtaa mmoja.

Na ukipata chuo, vilevile. Lakini siku viza inasema ondoka, ondoka. Hata kama umeahidi bati. Mwambie mama bati zitasubiri. Mimi sikuweza kumwambia, na wewe najua hutaweza, ndiyo maana nakuambia sasa kabla hujapanda ndege.

Msiniombe simu mpya mwaka huu. Ada ya yule mdogo nitalipa, msimtoe shule.

Chanjo nimepata zote mbili, hakuna aliyeniuliza makaratasi, mzee naye kapata. Na huko kwenu Rais Samia ameshaanza kuvaa barakoa hadharani, basi vaeni, na chanjo zikifika mpelekeni kwanza bibi yenu, msisikilize maneno ya vijiweni.

Jambo la mwisho, maana mzee ameanza kukohoa na lazima nikamgeuze. Mwezi huu nje kuna nyenze. Huku kuna nyenze wa aina yake, wanakaa ardhini wakinyonya mizizi miaka 17, kisha wanatoka wote kwa mara moja, mamilioni, wana macho mekundu, wanaimba wiki chache, wanataga, wanakufa. Mara ya mwisho walitoka Mei 2004. Niliposhuka na begi langu nilidhani ni mashine, nikamuuliza aliyenipokea kiwanda kiko wapi. Mwaka huu, 2021, wametoka tena. Juzi walimjaa mzee kwenye blanketi, akawaacha, akawahesabu kwa kidole, akasema hatawaona tena. Watarudi 2038.

Mama alipiga simu tukiwa pale msituni. Akauliza huo mlio ni wa nini, nikamwambia nyenze. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe na huko wapo?" Akaniambia nisiongee, nimsikilizishe. Nikainua simu juu kuelekea kwenye miti, mzee ananitazama, nikaishika hivyo mpaka bando lake likaisha.